Viti Tuliomba, Vidonge Tukapewa

Mama mmoja alikuwa mpiga pasi kwenye karakana ya kushona sare. Alisimama tangu asubuhi hadi jioni, mvuke ukimpiga usoni. Magoti yalimuuma. Wenzake nao yaliwauma, wakaomba viti virefu. Msimamizi akawaletea kopo la vidonge vya maumivu.

"Chukueni, ni bure," alisema. "Kazi iendelee."

Mama akawa anavimeza kila siku, mara nyingi kabla hajatia kitu tumboni. Magoti yakatulia. Baadaye tumbo likaanza kumchoma kama pilipili. Akazidisha vidonge, akidhani vitatuliza na hilo. Choo chake kikawa cheusi kama lami, lakini aliona haya kusema. Asubuhi moja alishikwa na kizunguzungu, akaanguka jikoni. Mumewe, fundi seremala, akamkimbiza hospitali.

Daktari alikuta kidonda tumboni kinachovuja damu, akasema kimeletwa na vile vidonge. Mume hakuelewa.

"Dada, dawa ya kuponya imemtiaje mtu kidonda?" alimuuliza muuguzi.

Muuguzi alivuta kiti, akakaa.

"Mwilini mna mafuta, kaka. Vitu vidogo viitwavyo vimeng'enya huchukua asidi za mafuta hayo na kuzigeuza kuwa wajumbe. Goti likichoka, wajumbe hao huleta uvimbe na maumivu. Wenzao wa tumboni huliagiza tumbo litoe ute wa kulikinga na tindikali yake lenyewe. Vidonge hivi huvizuia vimeng'enya. Wajumbe wa goti hupungua, na wa tumbo hupungua pia. Dawa haichagui."

"Mbona alikuwa anapata nafuu?"

"Maumivu yalipungua. Goti liliendelea kuumia."

Seremala alikunja uso. "Kumbe goti lilikuwa linapiga kelele, na yule bwana akaliziba mdomo ili pasi zisipoe!"

"Dawa yenyewe si mbaya," muuguzi alisema. "Ila isimezwe mfululizo bila ushauri wa mhudumu wa afya. Hata kuimeza baada ya kula hakutoshi kulinda tumbo. Na choo kikiwa cheusi, huenda ni damu; mtu asione haya. Aje hospitali siku hiyohiyo."

Mama alitibiwa, akapona. Aliporudi karakanani, alipita kwanza kwenye meza za wenzake, akawaeleza yote. Wawili walikiri kwamba matumbo yao yanawachoma. Akawaambia waende hospitali. Kisha wote wakaingia ofisini kwa msimamizi.

"Mbona hamkuniambia kwamba mnaumia?" aliuliza.

"Tulikuambia," Mama alijibu. "Tuliomba viti, ukatupa vidonge. Pasi ikiharibika unaita fundi. Sisi tukiharibika unatuita wavivu. Leo hatusimami kwenye pasi."

Hawakusimama; waliketi chini, pasi zikapoa. Sare zikarundikana hadi mlangoni. Viti vililetwa wiki hiyohiyo, pamoja na muda wa kupumzika mchana.

Sasa Mama anapiga pasi ameketi. Magoti bado humsumbua siku moja moja, na siku hizo huyanyoosha, akapumzika. Jioni anakula bila kujishika tumbo.