Nozeli ya Yule Mhandisi

Walikutana dukani kwa vyuma, saa nne asubuhi, watu wanasukumana kaunta. Kila mmoja alikuwa ameng'ang'ania upande wake wa bati moja lisiloshika kutu, la mwisho.

"Dada, niachie. Natengeneza mashine," alisema mwanamume mwenye shati jeupe lililopigwa pasi.

"Na mimi naenda kulila?" alijibu mchomeleaji, ovaroli limejaa matundu ya cheche. Mtaani walimwita Cheche. "Nipe kazi ya kuichomelea, bati chukua."

Akapewa kazi, na miezi miwili baadaye akapewa na moyo. Mwanamume huyo alikuwa mtafiti, alitaka kukausha chanjo ya kuku. Inanyunyizwa kutoka juu ndani ya pipa refu, hewa ya moto inaikausha ikiwa bado angani, chini unatoka unga usiohitaji friji, na chanjo ingali hai.

Tatizo ni nozeli, ile ncha ya kunyunyizia. Ilichongwa na mhandisi mmoja wa kike aliyesoma na mtafiti, na mhandisi huyo hakuchoka kupiga simu.

"Matone yakoje?"

"Laini kama ukungu, mama. Una mkono wewe."

Mama! Cheche aliungua roho. Siku mhandisi alipokuja na gauni la njano, akamtoa mtafiti uzi begani, Cheche hakula mchana kutwa.

Wivu hauna macho. Ijumaa, kabla ya jaribio, aliifungua ile nozeli akaweka aliyoitoboa mwenyewe. Tundu ni tundu, alijiambia.

Matone yakatoka mazito, yakaganda ukutani kama uji. Mtafiti akazidisha moto, yakakauka. Jioni simu ya Cheche ikalia.

"Mpenzi, chanjo imekufa yote kwa moto. Wakaguzi wanakuja Jumatatu na nimebakiwa na chupa moja. Nozeli ya yule imeniangusha, na nitawaambia hivyo hivyo. Simtaki tena kwenye kazi hii."

Cheche alifurahi. Alifurahi kama dakika mbili hivi, kisha akaona haya. Akachukua nozeli ya mhandisi, akaifunga kwa kitambaa, akaenda maabara.

"Nozeli yake hii hapa. Iliyoua chanjo ni yangu."

Mtafiti alikifungua kitambaa. "Kwa nini?"

"Unamwita mama. Mimi nina matundu nguo nzima."

"Si ungeniuliza?"

"Niliogopa utakachojibu."

Alikasirika, tena sana. Akazunguka pipa mara mbili. Cheche akaanza kukusanya vifaa vyake. Ndipo mtafiti akachukua simu, akaweka spika.

"Mhandisi, nozeli yako haina kosa. Mchumba wangu aliibadilisha, na ameniambia mwenyewe. Jumatatu tunatumia yako."

Spana ilimponyoka Cheche mkononi. "Mchumba tangu lini?" alinong'ona.

"Tangu sasa, ukikubali." Akamnyooshea simu, bado iko hewani. "Lakini kwanza mwombe radhi."

Kukubali kulikuwa rahisi. Simu ndiyo iliyomtoa jasho. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Dada," alianza, "mimi ndiye mchumba."