Konsoli wa Mlima Meru

"Mbuni Mbili, jibu."

"Mbuni Mbili, nakupata."

"Mzee ametoka Ngarenaro na silaha za magendo. Anapanda mlimani. Vijana wake wamemkamata Elinami. Akifika kabla yako, mama wa watu ameuawa."

Lemburis, jasusi wa serikali, aliichomeka redio yake ya Motorola kiunoni na kuiwasha kwa teke pikipiki yake ya Yamaha. Asubuhi ya Juni, 1991.

Mtaa wa Sakina aliupita amelala juu ya tangi la pikipiki. Mafundi magari wakamtukana. Ngaramtoni ilikuwa siku ya gulio. Akapenya katikati ya mbuzi na wenye mbuzi, nao wakamtukana kwa Kimaasai.

Land Rover nyeusi ilikuwa mbele, ikitimua vumbi kuelekea kwenye mashamba ya kahawa.

Ndani yake alijitutumua Ettore Galvani, Mtaliano wa miaka sabini na tisa. Biashara huria ilipofunguliwa, naye akaja kufungua kampuni ya ulinzi. Ulinzi! Aliokota vijana wasio na kazi, akawavika mashati meusi, akawapanga kama wale wanamgambo wa mafashisti wa kwao walioichoma Ethiopia, naye akiwa mmoja wao. Watu kumi na mmoja, skwadra. Skwadra tatu, manipolo. Manipolo tatu, senturia. Senturia tatu, kohorti. Kohorti tatu, lejioni, na juu ya lejioni, konsoli. Majina ya Warumi waliokwisha kuoza, yamefukuliwa na watu wasio na haya. Galvani alikuwa na watu arobaini tu, lakini cheo alijitwalia kile cha konsoli.

Alitaka miteremko yote ya kahawa. Elinami, mjane wa Kimeru, ndiye aliyekataa kuhama, na majirani wote walimtazama yeye. Akifa, watahama.

Lemburis aliingia getini kwa Elinami na pikipiki.

Bunduki za mashati meusi zikamzunguka. Bastola yake ya Browning ikachukuliwa, ikawekwa mezani.

Elinami alikuwa amefungwa kamba kwenye mashine ya kumenyea kahawa. Mbele yake alisimama Nelson, mkuu wa walinzi, mwanajeshi wa zamani aliyepigana vita vya Kagera, ameshika AK-47.

"Shikamoo mama," Lemburis alisema.

"Marahaba, mwanangu. Wamekutuma peke yako? Makubwa!"

Galvani alishuka garini, medali zikigongana kifuani. "Nelson! Konsoli anaamuru. Mpige risasi!"

Nelson aliinua bunduki. Elinami akafumba macho.

Lemburis akaangua kicheko.

"Konsoli? Jamani! Nelson, mmeingizwa mjini. Huyu kule Ethiopia alikuwa mpishi. Kazi yake kumenya viazi."

Uongo mtupu, ameutunga hapo hapo. Alichojua ni kwamba wakati ule, mwaka 1937, Galvani alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano, na kijana wa umri huo hapewi lejioni.

Walinzi wawili watatu wakacheka. Uso wa mzee ukaiva.

"Mpishi? Mimi?" Alipiga kelele hadi mate yakamruka. "Mimi nilikuwa kaposkwadra! Niliongoza watu kumi na mmoja! Tuliteketeza kijiji kizima na watu wake, moto niliuwasha kwa mkono wangu!"

Mtutu wa Nelson ukashuka kidogo.

"Kaposkwadra ndiyo nini?" Nelson aliuliza taratibu.

"Sajini," Lemburis alimjibu. "Sajini wa kawaida kabisa."

Nelson alisonya. "Mzee, mimi nimetoka jeshini sajini taji. Yaani siku zote hizi nimekuwa nakupigia saluti wewe?"

"Piga! Ni amri!"

"Amri ya nani? Nimekuzidi cheo. Halafu unajisifia kuchoma watu, huna hata aibu!" Aliwageukia vijana. "Wote, silaha chini!"

Walikuwa wamefundishwa jambo moja tu: kumtii mwenye cheo kikubwa. Wakamtii.

Galvani alichomoa bastola yake ya Beretta. Teke la Lemburis likairusha kwenye maganda ya kahawa. Akamfungua Elinami, na kwa kamba ile ile akamfunga mzee.

Elinami alijifunga upya kanga yake, akamtazama Galvani kuanzia viatu hadi kipara.

"Wewe sajini. Umekanyaga mche wangu. Sogea."

Galvani alisogea.

Motorola ikakoroma. "Mbuni Mbili, konsoli umempata?"

"Hapakuwa na konsoli. Leteni karandinga, na mumwambie dereva asihangaike kupiga saluti."

Lemburis alichukua Browning yake mezani, akamwachia Nelson amlinde mzee hadi karandinga lifike, akawasha sigara ya Sportsman, akapanda Yamaha na kuteremka mlima polepole.