Hujakigusa, Hujakijua

Jumamosi ile soko la mjini Anchorage lilifurika. Jua la Julai lilikuwa limewatoa watu wote nje, moshi wa soseji za kulungu umetanda kila kona, na katikati ya umati alipita mwanamke mwenye sare ya kijani, ameshika antena mkononi, akigeuka huku na huku kama mtu anayetafuta kuku wake aliyepotea. Huyo ndiye Verna Oskolkoff. Siku za kazi alimsaidia daktari wa meno. Siku nyingine alikuwa wa kikosi cha kujitolea cha anga, wale watu wanaoacha chakula mezani kwenda kutafuta ndege zilizoanguka, na mshahara wao ni asante.

Antena ilimfikisha kwenye gari la mizigo lililochoka, nyuma ya kibanda cha samaki. Kando yake kijana mmoja wa Kifilipino, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, alikuwa akila soseji kwa raha zake.

"Kaka, hili gari ni lako?"

"Kama nimeegesha vibaya, si langu."

"Linalia."

"Linalia?"

"Tangu asubuhi linaitangazia dunia nzima kwamba limeanguka na watu wamo ndani."

Dante Agbayani, fundi umeme, aliacha kutafuna. Nyuma ya kiti alikuwa ameweka kile kisanduku cha rangi ya chungwa cha ndege yake ndogo, kile kinachopiga king'ora redioni chenyewe kikipata kishindo. Alikuwa amekichomoa akakibadilishie betri, akasahau kukizima, na shimo moja la barabarani likakiamsha. Tena kilikuwa cha zamani, kisichomtaja mwenyewe. Kinalia tu, mwenye masikio atafute.

Verna alikizima. "Unajua kuna bibi wa miaka sabini yuko angani sasa hivi, anakutafuta wewe?"

"Masikini. Na mimi nakula soseji."

"Na haradali unayo mdomoni."

Alijifuta. "Nisamehe, afande. Mnanidai nini?"

"Hatulipwi sisi."

"Soseji moja je? Soseji si malipo."

Verna aliikubali soseji, na hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia, mikono ikinuka mafuta. Kiangazi chote simu haikutulia.

"Afande wangu, umekula?"

"Bado."

"Basi njoo, wali upo."

"Kwako wewe ni lini wali haupo?"

Ni kweli. Dante hakuruka na ndege yake bila sufuria ya wali, na marafiki walimcheka mpaka wakachoka. Verna alimpenda kwa hilo, na kwa namna alivyomwita afande kwa sauti ya kubembeleza.

Kisha ikaja sikukuu ya kuzaliwa ya mama yake Dante, Mama Remedios. Verna alivaa gauni la buluu na viatu vya kisigino. Nguruwe wa kubanika alikuwa ndiyo kwanza anakatwa, ngozi ikialika chini ya kisu, Dante akasimama na glasi mkononi, akakohoa. Simu ya Verna ikaita. Aliisoma, akanong'ona, "Nisameheni," akatoka mbio na visigino vyake. Mama Remedios alibaki ameshika sahani aliyompakulia.

Aliporudi, meza zilikuwa zinakunjwa.

"Mmempata nani?" Dante aliuliza.

"Hakuna mtu. Kisanduku kilianguka kutoka rafuni, kwenye gereji ya mtu."

"Kama kawaida. Karibu vyote ni vya uongo, Verna. Mnakimbiza kelele."

"Cha kwako nacho kilikuwa kelele. Mbona siku ile hukulalamika?"

"Leo nilikuwa na neno la kusema mbele ya mama yangu."

"Liseme sasa."

"Limeshapoa." Akakunja kiti kwa nguvu. "Simu zangu huzipokei ukiwa kwenye kazi yako hiyo. Labda siku nikikutaka niwashe kisanduku, ndipo utakuja."

Verna alivua viatu, akavishika mkononi, akaenda zake. Hasira hasara, lakini nani huikumbuka methali akiwa amekasirika? Agosti ikaisha hakuna aliyempigia mwenzake.

Asubuhi moja ya Septemba rubani wa ndege kubwa ya mizigo alisikia king'ora ng'ambo ya ghuba, upande ule ule wenye kibanda cha uvuvi cha akina Agbayani. Kikosi kilikusanyika, na mmoja akacheka, "Verna, shemeji yetu anakuita."

Alipiga simu ya Dante. Haipatikani. Uso ukamwaka moto. Kumbe amelifanya kweli lile neno lake. Huenda kuna mtu anakufa upande mwingine, na yeye anatoa ndege nzima ili aitwe mpenzi.

"Bi Inga, ni yeye," alisema. "Aliniambia atakiwasha. Tusichome mafuta kwa utani wa mwanamume. Tungoje kwanza apokee simu."

Inga Lundgren, yule bibi wa miaka sabini, mwalimu mstaafu na rubani wao, alikuwa akifunga kamba za viatu.

"Umekigusa?"

"Sijakigusa."

"Basi?"

Verna alikijua kilichofuata. Kila mtu kikosini alifundishwa siku ya kwanza: hujakigusa, hujakijua. Kila kilio ni cha mtu aliyevunjika mifupa, mpaka mmoja wenu aweke mkono juu ya kisanduku. Akameza uchungu wake, akapanda.

Njia nzima alikaa dirishani akipanga maneno ya kumrarua. Alikuwa amefika kwenye "mwanamume mzima huna haya" kitu kilipomulika huko chini, kwenye kokoto za mtoni. Kikamulika tena. Ndege ya njano ilikuwa imelala chali, bawa limekunjika, na kando yake mtu ameketi, anarusha mwanga wa jua kwa kifuniko cha sufuria ya wali.

Maneno yote yalimtoka kichwani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Bi Inga, kwa sauti, bila kujijua.

Redio ikakwaruza. "Ndege ya juu, mnanisikia? Betri yangu inaisha."

"Tunakusikia. Mko wangapi? Umeumia wapi?"

"Niko peke yangu. Mguu umevunjika. Afande, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Haki ya Mungu, safari hii si utani."

"Naona, Dante. Helikopta inakuja. Sisi hatuondoki hapa juu yako."

"Siku ile kwa mama nilikuwa na pete mfukoni. Nilitaka kukuomba nikuoe."

"Dante, haya ni masafa ya dharura."

"Na mimi niko kwenye dharura."

Bi Inga aliinamisha bawa akazunguka tena. "Mjibu mwenzio, mwanangu. Betri inaisha."

"Jibu utalipata hospitali," Verna alisema, akaligeuzia dirisha uso uliolowa.

Jioni alifika hospitali na sare yake, akasita mlangoni, maana Mama Remedios alikuwa ameketi hapo. Mama aliinuka, akamshika mikono yote miwili.

"Siku ile uliondoka mezani kwangu kwenda kumtafuta mtoto wa mwanamke mwenzangu," alisema. "Nilinuna, mwanangu, nilinuna sana. Leo umeniletea wangu. Asante."

Walikumbatiana mpaka Dante akalalamika kitandani kwamba aliyevunjika ni yeye.

"Naambiwa kisanduku wameshakizima," Verna alisema akimkaribia.

"Wamekizima."

"Lakini kazi haifungwi mpaka nikiguse." Akaweka kiganja juu ya kifua chake. Moyo ulikuwa ukienda mbio.

"Je, ni cha uongo?" Dante aliuliza.

"Hiki ni cha kweli. Pete iko wapi?"

"Kwenye sufuria. Ndimo nilimoificha isipotee."

Mama Remedios alikuwa ameshaifunua ile sufuria ya wali, iliyokuja na mgonjwa kwenye helikopta, anaitafuta pete humo.