Kamba ya Kupimia Mafuriko

Mwaka 1996, kila asubuhi kabla ya kengele, mimi na Dainess tulimwagilia bustani ya shule. Siku ile nilisimama tu na ndoo mkononi. Gari la Bwana Mansuri, afisa mipango kutoka mkoani, lilikuwa nje ya ofisi ya walimu.

"Adela, umesikia?" Dainess alirukaruka. "Zahanati inajengwa kwetu, kando ya mto Songwe! Mama akiugua atalazwa jirani. Ila sijui wataijengaje, maana mwaka jana maji yalifika dirishani."



Wiki iliyotangulia Mwalimu Ambrose alinipa kamba ya katani yenye mafundo. Nilitakiwa kupima alama za tope kwenye kuta za nyumba kumi za mtoni, wataalamu wa mkoani wajue mafuriko hufika wapi. Mimi, mvivu wa kutupwa, nikairuka ile kamba na wenzangu uwanjani mpaka jioni. Kisha nikaandika nyumba zote kumi: "Magotini." Sisi tunakaa juu, kando ya barabara, maji yale hatuyajui.

"Mbona umeacha kumwagilia?" Dainess aliuliza.

"Si kitu."

Si kitu! Mama yake angelazwa pale, na mto ungemfuata kitandani. Injini ikanguruma. Niliitupa ndoo, nikakimbia, nikasimama mbele ya gari.

"Toka wewe, utagongwa!" dereva alifoka.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia Bwana Mansuri. "Vile vipimo ni vya uongo. Nilivitunga mimi."

Alishuka na ramani yake. Nilitamani anichape yaishe.

"Kamba iko wapi?"

"Darasani."

"Kailete. Tunakwenda kupima."

Kwa kina Dainess alama ya tope ukutani ilinifika kifuani. Mama yake, mjamzito wa miezi minane, alinishikia ncha ya kamba akisema, "Ndaga, mwanangu, asante." Nililia palepale, nikamweleza yote.

Jioni Bwana Mansuri alifuta alama ya zahanati, akaichora mwinukoni. Mwalimu Ambrose akanifyekesha nyasi wiki nzima.

Aprili Songwe ilifurika. Bwana Mansuri alikuja, tukasimama kwenye msingi mkavu wa zahanati, pamoja na mama Dainess aliyembeba mtoto mgongoni. Kule chini, kigingi cha mahali pa kwanza palipopangwa zahanati hakikuonekana, maji yalikuwa yamekifunika.

"Adela," alisema Bwana Mansuri, "mimi nakaa Mbeya. Mto huu niliuona kwa macho yako. Siku ile uliponidanganya, nilipanga maisha ya watu nikiwa kipofu. Ukitumwa kupima, fika, upime."