Niliuza Friza la Mke Wangu Ninunue Kamera ya Nyota

Saa nane na dakika kumi mchana, siku ya Jumamosi, friza la mke wangu lilipakiwa kwenye kirikuu mbele ya nyumba yetu hapa Bunju. Mwenyewe alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Dereva akaniuliza, "Mzee, mama mwenye mali ana habari?" Nikacheka... Nilicheka, ndugu zangu!

Nina miaka hamsini na mbili. Ni fundi majokofu kwa mwaka wa ishirini na saba sasa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma. Ndivyo nilivyozijua nyota. Si zile za utabiri, hapana! Nasema mawingu ya gesi yaliyo mbali mno angani, ambayo jicho haliyaoni, lakini kamera iliyofungwa kwenye darubini huchota mwanga wake kidogo kidogo mpaka rangi zitokee.

Kamera yangu ya kawaida ilishindwa na joto la Dar. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ikichemka, picha hujaa chenga. Dawa ni kamera inayojipoza yenyewe hadi chini ya sifuri. Kwa miezi minane nilizilinganisha: ukubwa wa sensa, umeme inaokula, nyuzijoto inazoshusha. Nikachagua ya rangi. Ile ya nyeusi na nyeupe hudai vichujio vingi na usiku mwingi wa anga safi, nasi watu wa pwani mawingu hayatuachi. Hapo sikukosea.

Nilikosea hapa. Ya rangi, mpya, yenye sensa ndogo, ilikuwa ndani ya uwezo wangu. Mie nikatamani ile kubwa, iliyokwisha kutumika, ya mtu wa ng'ambo. Ilizidi akiba yangu kwa laki saba... Na laki saba ilikuwa imesimama jikoni kwetu, inanguruma.

Friza lile lilikuwa la mke wangu, Mama Tumaini, kwa jasho lake. Humo aliuza vibua, barafu za ukwaju na maji ya baridi kwa mafundi wanaojenga mtaani. Ada ya mtoto wetu wa mwisho ilitoka humo. Nikamwambia kompresa imekufa, nimelipeleka kwa fundi mwenzangu. Akaniamini. Nani angebishana na fundi friji kuhusu friji?

Nilijiapia kununua jingine baada ya kazi mbili tatu. Kazi hazikuja. Leo nasema gesi, kesho nasema kipuri kimeagizwa. Wateja wake wakahamia duka la pili. Siku moja akaniambia, "Baba Tumaini, hilo friza lina ugonjwa gani? Hata waliolazwa mahututi wanarudi nyumbani!" Akacheka mwenyewe. 

Kamera ikafika. Picha mbili za kwanza zilinitoa machozi ya furaha. Ya tatu ilikuwa na doa jeupe katikati. Barafu! Unyevu wa pwani ulikuwa umeingia ndani, na chembe za kufyonza maji zilikuwa zimechoka. Maelekezo yalisema: badilisha chembe, funga, subiri. Basi!

Lakini mimi ni fundi... Unyevu ukiingia kwenye friji, sisi hubadilisha draya, kile kichujio kinachonyonya maji, kisha tunafunga pampu kuvuta hewa yote itoke. Nimefanya hivyo miaka yote. Kwa nini kamera inishinde? Nikaunganisha pampu kwenye kitundu cha zile chembe.

Sekunde tano tu. Ikalia, ta! Kioo chembamba kinachokinga sensa kilipasukia ndani, vipande vikaichana sensa yenyewe. Nikazima pampu. Nikakaa sakafuni nikisikia majirani wanatwanga, na sikujua nimwite nani.

Siku nne baadaye mke wangu alikwenda sokoni Mabibo kununua ndizi. Karibu na mabweni ya wanafunzi, kwenye kibanda cha juisi, akaliona friza lake, na stika ya kwaya mlangoni! Mwenye kibanda akajitetea, "Mama, hili halali kabisa! Kaniuzia fundi mmoja mpole, mwenye miwani, kaniandikia na risiti." Akaitoa. Mwandiko wangu, saini yangu, mpaka saa niliyouza!

Hakupiga kelele. Alirudi, akavua viatu, akauliza kwa nini sikumwomba. Nikasema niliogopa angekataa.

"Ningekataa," akasema. "Ungenuna siku mbili, tungeendelea kuishi."

Akafunga nguo zake na za mtoto, wakaenda kwa dada yake Temeke. Huu ni mwezi wa tatu. Nikipiga simu anapokea, ananiuliza kama nimekula, kisha anasema kuna mtu anamwita. Angenitukana ingeuma hivi?

Wenzangu mnaopenda vifaa, nawasihi! Nunueni kidogo mnachokimudu, kipya, chenye dhamana. Ufundi wa chombo kimoja usiwape kiburi cha kufungua kingine. Na kama kitu huwezi kukitaja mbele ya mwenzako, hicho usikinunue, hata kikiwa na mbingu nzima ndani yake.

Kamera, usafirishaji na ushuru: shilingi milioni tatu na elfu sitini. Sijaokoa hata senti.