Kurasa Nilizozibandika Gundi

Jirani yetu fundi cherehani anasema alimwona kwa macho yake. Anasema mtoto wetu aliingia kibandani kwake bila hodi, akachukua wembe wa kufumulia nguo, akaketi chini ya meza na kukikatakata kitabu cha watu.

"Nikamuuliza, wewe unafanya nini? Kimya. Kama naongea na ukuta," fundi aliniambia. "Mtoto wa miaka saba na wembe! Mdogo wangu, huyo atawashinda."

Nilikuwa nimetoka kazini. Nilikuwa nimepiga pasi kwa dobi tangu asubuhi, miguu inawaka moto. Nikakipokea kitabu, nikakifungua. Hakikukatwa. Kurasa mbili zilizogandana zilikuwa zimebanduliwa taratibu, kama mtu anavyofumua pindo la gauni.

Aliyezibandika ni mimi.

Mtoto ni wa dada yangu. Tulimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Kisha baba yake aliondoka, na dada akalala. Huu ni mwezi wa pili hainuki, haogi mpaka nimshike mkono. Redio akiuliza, namwambia, "Mama amechoka kidogo." Akaacha kuuliza. Baadaye akaacha na maneno mengine yote.

Kitabu alikiazima mwenyewe maktaba. Kinasimulia mtoto ambaye mama yake hatoki kitandani. Mtoto anapika uji peke yake, unaungua, anakaa sakafuni analia. Nilipoiona picha hiyo nikasema, haya ya nini tena? Si tunayo humu ndani? Nikachukua gundi.

Jumamosi nilikirudisha kwa mtunza maktaba, nikamweleza yote.

"Kosa ni langu, si la mtoto."

"Keti kwanza, mdogo wangu. Umechoka," alisema. "Yupo baba mmoja hapa alifuta neno 'kulia' kwa kalamu nyeusi, kitabu kizima. Hadithi ikabaki haina kichwa wala miguu."

Nikacheka bila kutaka. "Mimi nilitaka asihuzunike."

"Huzuni anayo tayari. Anaishi nayo chumba kimoja. Ukimfichia, atadhani ni aibu, au ni kosa lake."

Hilo la kosa lake sikuwa nimelifikiria.

"Msomee kurasa zote, bila haraka," akaendelea. "Muulize habari za mtoto wa kitabuni, usimuulize zake. Halafu nyamaza. Akikuuliza usilolijua, sema hujui. Na mama yake mmempeleka hospitali?"

"Haumwi. Ana huzuni tu."

"Miezi miwili hainuki? Huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Una matibabu."

Akanirudishia kitabu. Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Tukaenda kituo cha afya, dada ameniegemea njia nzima. Daktari alimsikiliza bila kuangalia saa. Akampa dawa, na siku ya kurudi kuzungumza. Akaniambia nisitegemee nafuu wiki hiyo.

Mchana ule niliketi mkekani na Redio, nikausoma ukurasa wenyewe. Gundi ilikuwa imeacha mabaka.

"Huyu mtoto anajisikiaje?" nikauliza.

Nusura nimjibie. Nikauma ulimi.

"Anafikiri baba aliondoka kwa sababu uji uliungua," alisema.

Kitabuni hakuna baba. Nikaweka kitabu mapajani.

"Baba hakuondoka kwa sababu ya uji," nikamwambia. "Wala ya mtoto. Wakubwa waligombana wao kwa wao. Mama anaumwa, na sasa anatumia dawa."

"Atapona lini?"

"Sijui, mwanangu."

Akapapasa mabaka ya gundi. Kisha akasema, "Mama mdogo, na wewe unasoma polepole kama konokono."

Siku zilizofuata alianza kumaliza chakula chake. Maneno yalirudi, machache asubuhi, mengi jioni. Juzi fundi alinisimamisha njiani. "Huyo mtoto wenu ananimaliza kwa maswali. Si mmrudishe kwenye kimya chake?"

Dada bado analala. Siku nyingine anakunywa chai akiwa ameketi, siku nyingine hageuki.

Jana Redio alikichukua kitabu, akaingia chumbani alimolala mama yake. Mimi nilibaki mlangoni. Dada alikuwa ameelekea ukutani, shuka mpaka shingoni.

"Mama, sogea kidogo nikae, nikusomee."

Akasimama pale kando ya kitanda, kidole kikiwa kwenye ukurasa wa kwanza.