Daftari la Getini

Kila alfajiri Mzee Funguo alifungua geti la jengo. Funguo kumi na nne zilining'inia kiunoni mwake. Zikilia ngazini, wapangaji walijua kumekucha.

Jengo lilikuwa na ghorofa tatu. Yeye na binti yake walikaa chumba cha chini, kando ya geti. Binti alikuwa msusi. Wateja wake waliketi kwenye mkeka barazani, na maneno yao yalikuwa mengi kuliko nywele zao.

Mke wa Mzee Funguo alifia kwenye benchi la hospitali. Daktari alikuwa ameitwa kumpima mheshimiwa mmoja aliyeumwa kichwa. Tangu siku ile, Mzee Funguo akisikia neno "mheshimiwa" hutema mate chini.

Marehemu alimwachia binti huyo, na shemeji mmoja. Shemeji huyo, kaka wa marehemu, aliitwa Fundi Saa. Alikaa ghorofa ya tatu, kutwa kioo jichoni, akitengeneza saa za watu. Jioni alishuka getini wakacheza drafti na kutaniana.

"Hivi shemeji, dada yangu alikupendea nini wewe?"

"Uzuri wangu."

"Basi kutoona vizuri ni kwetu kwa ukoo. Ndiyo maana mimi navaa kioo."

Kisha bomu likalipuka stendi ya mabasi. Watu sita walikufa. Mmoja wao alikuwa mteja wa Binti, aliyesukwa pale barazani asubuhi ile ile. Binti alilia siku mbili.

Wiki iliyofuata likaja gari la wilaya. Afisa mmoja alishuka, hata injini hakuzima. Akampa Mzee Funguo daftari kubwa.

"Andika kila mgeni anayeingia. Jaza kila safu. Atakayeficha kitu atajibu mwenyewe. Umeelewa?"

Kabla hajajibiwa, gari limeshaondoka.

Mzee Funguo aliishia darasa la tatu. Alisoma polepole, kidole juu ya karatasi. Jina. Saa. Chumba. Sababu. Uzito.

"Uzito?" alimuuliza Binti. "Wanataka watu wapimwe?"

"Labda wakubwa wana sababu zao, baba."

"Wakubwa! Haya, amri ni amri."

Akawa anakadiria kwa macho. Muuza maji, kilo hamsini. Mama mmoja aliyekuja kumwona dada yake alisoma jina lake akakuta kilo mia na kumi.

"Mzee, una mizani machoni?"

"Nimekadiria tu, mama."

"Hebu kadiria upya!"

Akafuta, akaandika sabini. Mama akapanda ngazi anatabasamu.

Asubuhi moja alikuja nesi kijana, mkoba begani.

"Ghorofa ya tatu, kwa Fundi Saa," alisema.

"Kwa shemeji yangu? Sababu?"

"Kumsalimia."

"Na huo mkoba? Sababu kamili, binti yangu. Nikificha mimi ndiye nitakayejibu."

Nesi aliangalia huku na huku. Akainama. "Nampelekea dawa za kifua kikuu, baba."

Mkono wa Mzee Funguo ulisimama. Shemeji yake hakuwa amemwambia neno. Alitamani asiandike. Lakini aliikumbuka sauti ya yule afisa. Akaandika, kwa herufi kubwa kama alivyofundishwa: DAWA ZA KIFUA KIKUU. Daftari akaliacha wazi juu ya meza, kama siku zote.

Mchana muuza maji alipita. Kila aliposubiri ndoo zake, alisoma daftari kwa sauti, ili watu wajue kwamba anajua kusoma. Siku ile pia alisoma.

Kufika kesho yake, jengo zima lilijua. Wenye saa zao walizifuata, hata ambazo hazijatengenezwa. Mama wa ghorofa ya kwanza aliziba pua Fundi Saa alipopita. Watoto wakaambiwa wasipande juu.

Siku ya nne nesi alishuka na mkoba wake haraka mno.

"Amenifukuza," alisema, machozi yakimlengalenga. "Anasema nisikanyage tena mlangoni kwake. Baba, akiacha dawa ugonjwa utarudi na nguvu mpya. Utamuua."

Mzee Funguo alipanda ghorofa tatu bila kupumzika. Akagonga.

"Shemeji! Fungua, ni mimi."

Alisikia kiti kikisogezwa. Halafu kikohozi. Halafu sauti.

"Nimeukuta ugonjwa wangu mezani kwako. Umeniandika."

"Nililazimishwa, shemeji. Ni hawa wakubwa..."

"Wakubwa hawakushika kalamu. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia wewe. Wewe tu. Sasa hata muuza maji ananipa pole. Nenda zako."

Mzee Funguo alikaa kwenye ngazi hadi magoti yakauma. Mke amekwenda. Na huyu wa pekee aliyekuwa na cheko la mkewe, naye anakwenda, na kalamu ni yake.

Aliposhuka, alilibeba daftari hadi kwenye jiko la mkaa barazani. Binti alikuwa akimsuka Mama Karani wa ghorofa ya pili. Mama huyo alifanya kazi mahakamani miaka thelathini.

"Baba, unafanya nini?"

"Nalichoma! Wamekuja na gari lao, wamenifanya mchawi wa shemeji yangu. Nalichoma, waje wanifunge!"

Mama Karani alinyanyuka, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama ufagio.

"Lete hapa, kaka. Kwanza kaa. Unajua yule mtu wa bomu alilala wapi?"

"Wapi?"

"Kwenye jengo kama hili letu. Siku tatu. Redio ilisema. Hakuna aliyejua aliingia lini wala alikwenda kwa nani. Kujua nani kaingia si jambo baya. Angejulikana mapema, yule msichana aliyesukwa hapa angekuwa hai leo."

Binti aliinamisha kichwa.

"Basi waandike wenyewe!" alisema Mzee Funguo.

"Sikiliza. Serikali ina haki ya kutulinda. Lakini ikitaka habari zako, ichukue zile inazohitaji kwa kazi hiyo, ikomee hapo. Jina la nesi, sawa. Saa aliyoingia, sawa. Hivi kifua kikuu cha shemeji yako kinalipua stendi?"

"Hakilipui."

"Basi hakikupaswa kuwa humu. Na hata yale yanayopaswa kuwemo, si ya kila mtu. Unaliacha mezani kama gazeti la bure. Mwizi akija, si anajua nani hayupo nyumbani?"

Mzee Funguo alishika kichwa. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Na nesi?" Binti aliuliza. "Mbona alisema?"

"Alikosea, alibanwa. Waliokaa karibu na mgonjwa wanapaswa kujua, ili wakapimwe. Lakini huambiwa faraghani, na mhudumu wa afya. Hawasomewi getini. Kaka, hiyo amri uliiona kwa maandishi?"

"Niliona gari."

"Basi kesho twende tukaione."

Kesho yake walikwenda ofisi ya wilaya. Waliwekwa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu. Mzee Funguo alilitazama lile benchi, akakumbuka jingine, akataka kuondoka. Mama Karani akamshika koti.

Afisa yule yule aliwapokea. Alitoa amri kwenye faili. Ilikuwa nusu ukurasa: jina, namba ya kitambulisho, chumba, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Basi.

"Sababu iko wapi?" aliuliza Mama Karani.

"Haimo, mama."

"Na uzito?"

Afisa alilivuta daftari akalifungua. Akakuna shingo. "Haya madaftari ni ya ghala la mizigo. Tulikuwa nayo stoo, tukayagawa."

Alifunua ukurasa, akaanza kucheka. "Mzee, yaani uliwapima..."

"Usicheke!" Mzee Funguo alipiga meza. "Nyinyi mnagawa makaratasi bila kuyasoma, sisi huku chini tunauana! Shemeji yangu amejifungia ndani. Siku ya pili leo hajameza dawa. Akifa, utaniandikia sababu gani?"

Afisa alilisukuma daftari kando. Akasimama, akafunga mlango.

"Samahani, mzee wangu. Kosa ni letu."

Kwa mara ya kwanza maishani, Mzee Funguo alisikia ofisi ikiomba radhi. Hakujua aweke mikono wapi.

"Radhi tumeipokea," alisema Mama Karani. "Sasa tuandikie. Safu mbili zifutwe kwa wino, kwenye majengo yote. Daftari likae limefungwa kwa ufunguo. Anayetaka kulisoma aje na barua yenye jina la mtu na tarehe. Na iandikwe litakaa muda gani kabla ya kuharibiwa."

"Miezi mitatu inatosha," alisema afisa, akaanza kuandika. Akapiga mhuri.

Jioni ile Mzee Funguo alikaa na wino mweusi, akafuta mstari mmoja mmoja. Kisha akapanda juu.

"Shemeji, sikuja kujitetea. Nimefuta. Yaliyokwisha kusomwa siwezi kuyafuta, na hilo nitakufa nalo. Wakubwa walikosea, na mimi nilikosea. Lakini nesi yuko hapa chini. Ukitaka, nitageuka niangalie ukuta akipita."

Nyayo zilisogea ndani. Kisha kitasa kikalia. Fundi Saa alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Nesi aje," alisema. "Na wewe utapimwa. Binti pia."

"Tutapimwa."

"Na ukuta usiuangalie. Utachekwa."

Mzee Funguo na Binti walipimwa, wakakutwa salama. Nesi akawa anakuja kila asubuhi. Anaandikwa jina na saa, anapita.

Mwezi wa tatu wa matibabu walikuja wanaume wawili wenye miwani myeusi.

"Usalama. Lete daftari."

"Barua?" aliuliza Mzee Funguo. Alishika ufunguo wa droo.

"Unatujua sisi ni nani?"

"Ndiyo maana nataka barua, wanangu."

Waliondoka wamekasirika. Alasiri wakarudi na barua yenye jina moja na tarehe moja. Mzee Funguo alifungua droo, akaziba mistari mingine kwa karatasi, akawaonyesha mmoja. Mgeni waliyemtafuta alikuwa amelala ghorofa ya pili usiku wa tarehe ile, mkesha wa bomu jingine lililogunduliwa kabla halijalipuka. Siku mbili baadaye redio ilitangaza kwamba amekamatwa. Hakuna mpangaji mwingine aliyeguswa.

"Umewasaidia wakubwa," Binti alimtania.

"Nimemsaidia yule msichana wako. Wakubwa wajisaidie wenyewe."

Miezi sita ilipotimia, nesi alileta karatasi: Fundi Saa amepona. Wenye saa walirudi mmoja mmoja, wakijifanya walikuwa safarini.

Jioni moja mashemeji wawili walikuwa getini wakicheza drafti. Muuza maji alitua ndoo zake akakaa. Alikohoa. Akakohoa tena, ngumi mdomoni.

Fundi Saa aliweka kete chini.

"Tangu lini?"

"Ah, vumbi tu, fundi."

"Lini?"

"Kama mwezi hivi. Usiku natoka jasho." Akatazama chini. "Naogopa watu watasema."

Fundi Saa alisogeza kiti chake karibu naye. "Mimi nilikuwa na kifua kikuu. Nitakueleza kilivyoanza, na nitakueleza kilivyopona."

Mzee Funguo alisimama, akabeba kiti chake.

"Shemeji, unakwenda wapi? Mchezo haujaisha!"

"Mimi niko kule mwisho wa ukuta," alisema. "Mkimaliza, niiteni."